Utafiti wa Chamwino kuhusu hela za kaya maskini: naomba usomwe kwenye mkutano wa kijiji

Mdadisi_Dom

Mbukwenyi wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ausome kwa mafungu.

Nimefanya kazi ya udadisi kwa misimu kadhaa hapa mkoani Dodoma. Kwa asiyejua, mdadisi ndiye yule anayefika nyumbani kwako na kishikwambi, anaomba kigoda, kisha anauliza maswali mpaka jua linahama kivuli. Mmekula nini siku saba zilizopita? Chumvi mlinunua ya shilingi ngapi? Nani aliugua, alitibiwa wapi, hela ilitoka wapi? Nimeuliza maswali hayo Bahi, nimeuliza Kongwa, na zaidi Chamwino.

Kuna nyumba moja haijanitoka kichwani. Mama mtu mzima, alikuwa anapepeta uwele. Nikafika kwenye swali la uwele: kaya imekula kiasi gani kwa siku saba? Akaweka ungo chini, akachukua kopo la bati analopimia. Jioni makopo mawili, kila siku. Asubuhi uji kopo moja, lakini asubuhi mbili hawakupika. Siku moja alikuja mgeni, akaongeza kopo. Kila kopo alilolitaja alitenga punje moja pembeni ya ungo. Akamaliza, akazihesabu kwa kidole: "Ishirini. Andika." Nilikuwa na mzani begini, tukapima kopo lake, nikaandika. Sijawahi kupata jibu safi kama lile hata kwa mtumishi mwenye mshahara.

Nilipofunga dodoso akaniuliza: "Mjukuu wangu, haya unayapeleka wapi? Na lini utarudi uniambie mlichokipata?"

Nikamwambia ripoti itatoka. Ilitoka kweli, kwa Kiingereza, kurasa nyingi. Mimi sikurudi. Waliotuajiri walikuwa wametenga fedha za kwenda kuuliza, za kurudi kujibu hazikuwepo. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo limenifanya nifungue uzi huu. Zipo tafiti kubwa zimefanyika humu humu kwetu kuhusu hela za kaya na huduma za serikali. Nitazieleza kwa Kiswahili nilivyozielewa, kisha nitasema ninachokitaka.

Kwanza, namna ya kuuliza

Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, kaya zaidi ya 4,000 katika wilaya saba za Tanzania, mojawapo ikiwa ya mkoa wetu wa Dodoma, ziliulizwa kuhusu matumizi yao. Watafiti, akina Kathleen Beegle na Joachim De Weerdt, walizigawa kaya kwa bahati nasibu katika mafungu manane, na kila fungu likaulizwa kwa mtindo wake. Wapo walioandika shajara kila siku. Wapo walioulizwa wakumbuke siku 7, wengine siku 14, na wengine waliulizwa tu "kwa mwezi wa kawaida mnatumia nini". Orodha za vyakula nazo zilitofautiana, ndefu kwa baadhi na fupi kwa wengine.

Kwa kuwa mgawanyo ulikuwa wa bahati nasibu, hali ya watu katika mafungu yote ilikuwa sawa. Lakini kiwango cha umaskini kilichotoka kilipishana sana kutoka mtindo mmoja hadi mwingine. Kaya hazikutofautiana, swali ndilo lililotofautiana.

Ndiyo maana naombeni mtu akitaja asilimia ya umaskini, muulizeni ilipimwaje. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 ulisema asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, kutoka 28.2 mwaka 2011/12. Mstari wenyewe ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani hata 1,700 kwa siku haifiki: chakula, sabuni, mafuta ya taa, nauli, vyote humo. Kazi ya kukusanya ilichukua mwaka mzima, na hapo walifanya vyema, maana ukija Dodoma mwezi wa sita ghala lina kitu, ukija mwezi wa pili utakuta watu wanahesabu makopo.

Sasa Chamwino

Mwaka 2010 TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, ilianza majaribio ya kuzipa kaya maskini ruzuku ya fedha taslimu katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino yetu. Vijiji 80. Vikapigiwa bahati nasibu, 40 vikaanza kupokea na 40 vikasubiri, ili vije vilinganishwe. Hela zilitoka kila baada ya miezi miwili. Hesabu yake ilikuwa kama dola 3 kwa mwezi kwa mtoto na dola 6 kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea, na kwa malipo ya mara moja kaya haikupata chini ya dola 12 wala kuvuka 36. Yalikuwepo masharti: watoto wadogo wapelekwe kliniki, wakubwa wahudhurie shule, wazee wapime afya angalau mara moja kwa mwaka. Aliyesimamia kijijini ni kamati iliyochaguliwa na wanakijiji wenyewe.

David Evans, Katrina Kosec na wenzao walizifuatilia kaya hizo mpaka 2012. Walichokikuta ni hiki. Watoto wadogo waliugua kidogo kuliko wa vijiji vilivyosubiri. Watoto wengi zaidi walikuwa na viatu. Kaya zilikuwa zinajiunga na CHF, ile bima ya afya ya jamii, kwa wingi kuliko wenzao. Kuku wa kienyeji na mbuzi waliongezeka. Wasichana waliomaliza darasa la saba waliongezeka.

Nikisoma hapo naiona akili ya yule mama wa makopo. Sisi tuna kifuku kimoja kwa mwaka. Mvua ikikata mwezi wa pili uwele unakauka ukiwa na mimba, na hapo benki yako ni mbuzi. Bima ni hivyo hivyo. Mtu aliyewahi kuuza gunia la mbegu ili amtibu mtoto anajua kadi ina thamani gani. Ukimpa hela kidogo lakini kwa uhakika, kitu cha kwanza anaziba mashimo yaliyokuwa yanamwangusha.

Halafu kuna jambo la zahanati. Mwanzoni waliopokea ruzuku walikwenda kliniki zaidi, kama ilivyotegemewa. Baada ya miaka miwili na zaidi mahudhurio yao yakashuka. Aliyetazama daftari la zahanati peke yake angesema watu wameacha masharti, wafutwe. Waliofika majumbani wakakuta watu hawaugui kama zamani.

Na hii ndiyo iliyonifungua macho

Mwaka 2019 Evans, Kosec na mwenzao Brian Holtemeyer walichapa kazi nyingine kutoka vijiji vile vile 80, katika jarida la World Development. Safari hii walitaka kujua kama fedha zile zilibadili imani ya watu kwa viongozi wao.

Zilibadili. Imani ilipanda, na iliyopanda sana ni kwa viongozi wa kuchaguliwa, kuliko kwa walioajiriwa. Kwa lugha ya kijijini: mwenyekiti kuliko mtendaji. Watu walianza pia kuona viongozi wanasikiliza zaidi na ni wakweli zaidi. Tena kuona huko kuliongezeka zaidi katika vijiji vilivyokuwa na mikutano mingi tangu kabla ya mradi kuanza. Kumbukumbu za kamati za shule na za afya nazo zilipatikana kwa urahisi zaidi katika vijiji vilivyopokea.

Watafiti walisema na upande wa pili bila kuficha. Watu walisema wako tayari kushiriki zaidi kazi za maendeleo, lakini ushiriki wenyewe haukuongezeka, na kupiga kura pia hakukuongezeka.

Basi hoja yangu wakuu. Kama mikutano ndiyo iliyoyafanya mafanikio haya yaonekane zaidi, iweje utafiti wenyewe usisomwe mkutanoni? Nataka kila utafiti unaofanyika katika kijiji chochote cha Dodoma, wa chuo, wa serikali, wa mfadhili, urudi kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kusomwa kwa Kiswahili, na mwenye swali aulize. Liwe sharti la kibali. Likiachwa kuwa hiari hatutaliona.

Karibuni.

Mkulima_Kongwa

Mkuu umeandika vizuri, ila hizi hela za bure mimi siziafiki. Huku kwetu nawaona watu siku ya dirisha la malipo wamekaa toka asubuhi wanasubiri, mashamba yamelala. Mtu apewe jembe na mbegu, asipewe noti.

Mdadisi_Dom

Mkuu Kongwa, wasiwasi wako nimeusikia vijiji vingi na sitaupuuza. Lakini tazama kiasi chenyewe. Dola 36 kwa miezi miwili, na hicho ndicho kilikuwa kiwango cha juu kabisa. Kwa nyumba ya watu sita ni dola 3 kwa mtu kwa mwezi. Hakuna atakayeacha kulima karanga kwa hiyo. Na kama watu wangezila na kulala, wale mbuzi na zile kadi za bima zilitoka wapi? Ukigawa jembe kwa kila nyumba, mwenye jembe tayari analiuza nusu bei. Ukitoa noti, huyu ananunua mbegu, yule viatu, yule dawa.

Kusubiri toka asubuhi ni kweli, nimekushuhudia hata mimi. Hilo ni la utaratibu wa malipo, na lirekebishwe.

Mwalimu_Mstaafu

Kijana, nashukuru kwa uzi. Nami nimefundisha shule za msingi za Mpwapwa na Kongwa miaka mingi, naomba niongeze la elimu maana ni jirani wa hilo la kaya.

Upo utafiti wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, uliofanyika 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10. Akina Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan waliuchapa 2019. Fungu moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, na ilifika shuleni kamili. Fungu la pili walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa motisha, shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo, na mwalimu mkuu 1,000. Fungu la tatu lilipata vyote viwili.

Ruzuku peke yake haikuongeza kujua kusoma wala kuhesabu. Vitabu vilinunuliwa, chaki zikawepo, watoto wakabaki pale pale. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda vizuri, na zilipanda kuliko ukijumlisha kimoja kimoja.

Nakumbuka mwenyewe kabati la vitabu vipya lililofungwa kwa kufuli ili visichafuke. Mwalimu alikuwa anaogopa ukaguzi kuliko anavyoogopa mtoto asiyejua kusoma. Nilikuwa mwalimu yule, msinielewe vibaya, nasema ninachokijua. Na jingine: wazazi wakisikia shule imepata fedha, nao wanapunguza mkono kidogo. Siwalaumu, mfuko wa mzazi ni mmoja, ukipunguziwa daftari huku utanunua sukari kule. Lakini mpanga sera asipoliona hilo anadhani ameongeza kumi kumbe ameongeza saba.

Mdadisi_Dom

Shikamoo mwalimu. Hilo la mwisho nilikuwa sijalifikiria vizuri. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 wazazi wengi huku walielewa kwamba mchango wowote umekwisha, hata wa uji wa shule. Ilibidi kueleza upya, na waliolieleza vizuri ni wale waliokuwa na mkutano wa kuelezea.

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Ni hivyo hivyo.

Mama_Genge_Sabasaba

Kaka yangu mimi si msomi wa tafiti, nina genge. Nataka kuuliza kuhusu bima. CHF iliyoboreshwa ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Nikiwa nayo mkononi nalipa, sina ubishi. Lakini 30,000 haiji kwa wakati mmoja, inakuja elfu elfu. Mwaka juzi mtoto wangu aliugua kadi ikiwa imeisha. Nilikwenda kwa kausha damu nikachukua laki moja, marejesho kila siku. Nyanya zikioza, marejesho yapo. Nikiugua, marejesho yapo. Niliuza meza ya genge. Sasa huo utafiti wenu unaandika mtu kama mimi wapi? Maana siko kwenye kaya maskini, mwenyekiti wa mtaa anasema nina biashara.

Mdadisi_Dom

Dada, pole sana. Nilipokuwa naingiza majibu kwenye kishikwambi, mtu kama wewe angeonekana ametumia hela nyingi mwezi ule: matibabu laki nzima. Kwenye karatasi ungeonekana afadhali kuliko jirani yako ambaye mtoto wake alikosa matibabu. Swali la "hela hiyo ilitoka wapi" madodoso mengine hayana kabisa, na yaliyo nalo linawekwa mwishoni, watu wamechoka na mdadisi mwenyewe anatazama jua.

Kuhusu kulipa kidogo kidogo, kikoba cha mtaa kinaweza kukusaidia kuliko mtu mmoja mmoja. Wapo akina mama Chang'ombe na Nkuhungu ambao mfuko wa jamii wa kikoba chao wameufanya wa bima: kila wiki buku, na kadi zinalipwa kwa zamu. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba kabisa. Ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudi 2024. Ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Mama_Genge_Sabasaba

Sawa kaka, nitaulizia. Lakini hilo swali lenu mlihamishe, liwe mbele.

Serikali_ya_Kijiji_Zamani

Mimi nilikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji vipindi viwili, wilaya siitaji. Hoja ya mikutano nakuunga mkono, lakini nikwambie ukweli wa huko. Sheria Namba 7 ya 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya juu kabisa, na utaratibu ni kila miezi mitatu. Kwetu kuanzia Desemba hadi Aprili mkutano haupo. Watu wako mashambani, wengine wamehamia kwenye vibanda huko huko. Ukiitisha wanakuja wazee kumi. Mwezi wa tano mavuno. Unabaki na Juni mpaka Novemba.

Na hata hapo, wapo viongozi wanaoukwepa kwa sababu ya ajenda moja tu: mapato na matumizi. Nimekaa vikao ambapo karatasi ya mapato ilibandikwa usiku wa kuamkia ukaguzi na kubanduliwa jioni yake. Mama yangu mdogo jina lake lilitolewa kwenye orodha ya msaada mmoja, hakuna aliyemweleza kwa nini. Alikuja kwangu mimi mjumbe, na mimi sikujua. Alidhani namficha. Mpaka leo hatuzungumzi kama zamani.

Sasa utapata wapi mwenyekiti wa kukupa nafasi usome utafiti unaosema watu wanamwamini mwenyekiti pakiwa na mikutano?

Mdadisi_Dom

Mkuu, hilo la mama mdogo limenigusa. Ndilo ninalolisema kwa maneno mengi, wewe umelisema kwa mafupi. Kuondolewa kwenye orodha kunaumiza, na kutoelezwa kunaumiza mara ya pili, tena kunamchoma hata asiyehusika.

Swali lako nalichukua. Nitajaribu. Kuna kijiji ambako ninafahamika, nitamwomba mwenyekiti dakika ishirini baada ya mavuno. Nitarudi hapa kuwaambia.

Mdadisi_Dom (mwezi wa saba)

Wakuu nimerudi.

Mwenyekiti alikubali, akanipa nafasi baada ya ajenda ya kisima. Tulikaa chini ya mbuyu wa shule. Sikuwa na projekta wala karatasi ya kugawa. Nilichukua punje za uwele 80 kwenye kopo, nikazimwaga juu ya kanga, nikamwita mtoto afumbe macho atenge 40. "Hivi ndivyo vijiji vilivyochaguliwa." Neno "bahati nasibu" likaeleweka bila tafsiri. Kisha nikasema la viatu, la mbuzi, la kadi, la zahanati. La zahanati waliligombania kabisa: baba mmoja alisema asiyekwenda hospitali ni mzima au ni maskini, mdadisi ajuaje? Nikamwambia ndiyo maana walikwenda majumbani kuuliza siku za kuugua.

Nilipofika kwenye imani ya viongozi, mtendaji aliinua mkono mbele ya watu wote akauliza kwa nini aliyeajiriwa haaminiki kama aliyechaguliwa. Watu wakamjibu wenyewe, kwa heshima, kwa karibu nusu saa. Alikuwa anaandika.

Mwishoni bibi mmoja, amekaa kwenye khanga yake pembeni, akaashiria zile punje 40 zilizobaki. "Na hawa waliosubiri, walikuja kupewa?"

Nikamweleza kwamba kuhusu hao 40 wenyewe sina hakika, ila mpango wa kitaifa wa TASAF ulianza 2012 na ukasambaa nchi nzima, lakini awamu hiyo iligusa takribani asilimia 70 ya vijiji, na vingine vikangoja awamu ya pili iliyozinduliwa 2020.

Akahesabu kwa vidole, kutoka 2010. Kisha akasema, "Basi andika na hilo. Miaka kumi."

Nimeandika.